Katuni za mtandaoni: ipi ikufae wewe, ipi umpe rafiki

Mtu akiomba atajiwe katuni nzuri ya kusoma mtandaoni, majina humiminika, na karibu yote hutajwa bila mwombaji kuulizwa neno. Anafungua ya kwanza, anakutana na ukurasa wa leo wa hadithi iliyoanza miaka kumi na mitano iliyopita, hamjui anayelia wala aliyemliza, anafunga. Katuni haikuwa mbaya. Ilimfikia mtu asiye wake.

Mimi nashikilia kwamba kabla ya kuuliza katuni inahusu nini, uliza inavyotoka na inavyosomwa. Mapenzi, mazimwi, sayansi, vichekesho vya maisha ya kila siku, vyote vimejaa tele na kila mtu anajua anachokipenda. Kinachowashinda wasomaji ni mwendo. Kuna katuni inayokamilika ndani ya picha moja. Kuna inayotoka ukurasa mmoja mmoja, mara tatu kwa wiki, kwa miaka ishirini. Kuna iliyokwisha kabisa, unaianza na kuimaliza kwa kasi unayoitaka mwenyewe. Tena kuna iliyochorwa kwa ajili ya kidole gumba kwenye simu, na nyingine inayotaka ukurasa mzima uonekane kwa mara moja. Nazilinganisha kwa vigezo hivyo, na pale ninapoipendelea moja nasema. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ugumu wa lugha nao nimeuweka kwenye mizani.

Za mkupuo mmoja: xkcd, SMBC na Dinosaur Comics

xkcd ni ya Mmarekani Randall Munroe, aliyewahi kufanya kazi NASA, shirika la anga la Marekani. Ilianza 2005 na hutoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Watu wake ni vijiti tu: duara la kichwa, mistari ya mikono na miguu, uso hakuna. SMBC, kwa kirefu Saturday Morning Breakfast Cereal, ni ya Zach Weinersmith na hutoka kila siku. Dinosaur Comics ya Mkanada Ryan North, iliyoanza 2003, ina upekee ambao sijauona kwingine: picha ni zile zile siku zote, visanduku sita vile vile, dinosaria wale wale katika mkao ule ule. Kinachobadilika ni maneno peke yake.

Kwa msomaji mpya naipa xkcd nafasi ya kwanza. Kila picha inajitegemea na ina namba yake, hivyo unaweza kumpa mtu namba badala ya kumwambia "ingia tu, utaona." Namba 327 inamwonyesha mama anayepigiwa simu na shule kwa sababu mfumo wao wa kompyuta umevurugika; alimpa mwanawe jina ambalo ndani yake mna amri ya kufuta orodha nzima ya wanafunzi. Namba 936 inalinganisha nywila yenye alama za kila aina, ambayo binadamu anaisahau na kompyuta inaikisia upesi, na nywila ya maneno manne ya kawaida yaliyounganishwa, ambayo mambo yake ni kinyume. Namba 1732 ni mchoro mrefu wa halijoto ya dunia kuanzia mwaka 20,000 kabla ya Kristo. Unashuka, unashuka, mstari unayumba taratibu mno huku ukipita mwanzo wa kilimo, miji ya kwanza, himaya na himaya, kisha mwishoni kabisa unapinda ghafla kwenda upande mmoja. Sijasoma maelezo ya darasani yanayoliweka jambo hilo wazi kiasi hicho.

Na kuna namba 1190, iitwayo Time. Machi 2013 ilionekana picha moja ya watu wawili wameketi ufukweni. Baada ya nusu saa ikabadilika kidogo, ikabadilika tena, baadaye kila saa, na ikaendelea hivyo kwa miezi minne hadi kufikia picha 3,099. Wale wawili walikuwa wanajenga ngome ya mchanga, na swali la kwa nini bahari inapanda likageuka kuwa safari ndefu. Mwaka 2014 ilipata tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa kazi za sayansi ya kubuni na njozi, katika kipengele cha hadithi ya picha. Naitaja kwa sababu inaonyesha kitu ambacho karatasi haiwezi kukifanya, na anayedhani katuni ya mtandaoni ni katuni ya gazeti iliyohamishiwa kwenye skrini aanzie hapo.

Ugumu wa xkcd uko kwenye mada: utani mwingi ni wa hisabati, fizikia na uandishi wa programu. Pia kila picha ina maneno ya ziada yanayotokea ukiweka mshale wa kipanya juu yake, na mara nyingi utamu wenyewe uko huko. Kwenye simu tumia toleo la simu la tovuti hiyo ili uyapate kwa kugusa. Mashabiki wamejenga tovuti iitwayo Explain xkcd inayofafanua kila namba, na si aibu kuitumia.

SMBC ina ubinadamu zaidi. Inagusa dini, uchumi, wazazi na watoto, kifo, mapenzi, na haiogopi kumwacha msomaji na swali zito baada ya kicheko. Chini ya kila katuni kuna kitufe chekundu kinachofungua kisanduku cha ziada. Wengi husoma miaka bila kukijua. Ila ina utani mwingi wa kikubwa, kwa hiyo usimtumie mtoto, wala usiifungue mbele ya watu kazini. Kiingereza chake pia ni kizito, kwa sababu mara nyingi ni mazungumzo marefu yaliyobanwa pamoja.

Dinosaur Comics ndiyo ngumu kuliko zote kwa asiyefurahia kuchezea Kiingereza, maana picha haimsaidii hata kidogo. Lakini kwa mtu anayeandika, hakuna ya kuifananisha nayo. Kuona picha zile zile zikibeba mabishano juu ya maadili leo na juu ya upweke kesho ni kujifunza uzito wa sentensi. Kwa wasomaji wote naiweka ya tatu. Kwa waandishi naiweka ya kwanza, na sisiti.

Ukipenda historia, Hark! A Vagrant ya Kate Beaton (2007 hadi 2018) inawatania watawala, wavumbuzi na wahusika wa riwaya za zamani kwa michoro myepesi ya kalamu. Sharti lake ni moja: uwe unawafahamu anaowatania.

Hadithi ndefu: je, imekwisha?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nimeweka jedwali kwanza.

| Katuni | Msanii | Hali | Mwendo |
|---|---|---|---|
| Digger | Ursula Vernon | Imekwisha, 2011 | Kasi yako |
| Stand Still. Stay Silent | Minna Sundberg | Imekwisha, 2013–2022 | Kasi yako |
| Girl Genius | Phil na Kaja Foglio | Inaendelea, mtandaoni tangu 2005 | Mara tatu kwa wiki |
| Gunnerkrigg Court | Tom Siddell | Inaendelea, tangu 2005 | Mara tatu kwa wiki |
| The Order of the Stick | Rich Burlew | Inaendelea, tangu 2003 | Haina siku maalumu |
| Questionable Content | Jeph Jacques | Inaendelea, tangu 2003 | Mara tano kwa wiki |

Kwa mtu anayeanza, chagua iliyokwisha. Ukurasa mmoja kila baada ya siku mbili ni chakula kidogo sana kwa asiyezoea. Akikosa wiki mbili anasahau majina, akisahau majina harudi. Katika zilizokwisha, mapambano ni kati ya Digger na Stand Still. Stay Silent, na kusema kweli zinawafaa watu wawili tofauti.

Digger ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Mhusika mkuu ni wombati, yule mnyama wa Australia mwenye mwili wa pipa anayeishi kwa kuchimba, na huyu ni mhandisi wa mashimo, wa kike, mkavu wa maneno, asiyeamini miungu. Anapotea chini ya ardhi na kutokea ndani ya hekalu, mbele ya sanamu inayozungumza ya Ganesha, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Kuanzia hapo anakutana na fisi aliyefukuzwa na kabila lake, na kiumbe cha kivuli kinachouliza maswali ya maadili kama mtoto mdogo, na safari ya kurudi nyumbani inazidi kurefuka. Ni zaidi ya kurasa 700, na ilipata Hugo ya 2012. Ninachokipenda ni namna busara yake inavyotoka kwenye kazi: wombati anapima kila jambo, hata la miungu, kwa jicho la mtu aliyezoea kuuliza nguzo hii itabeba nini.

Stand Still. Stay Silent ina sura nyingine kabisa. Rangi za maji zilizotulia, theluji, magofu ya miji. Miaka 90 baada ya ugonjwa kuimaliza dunia tunayoijua, watu waliosalia wako Iceland na vipande vya Norway, Sweden, Denmark na Finland, na kikundi kidogo kisicho na fedha wala uzoefu kinatumwa kuingia katika eneo lililokufa kutafuta vitabu. Jambo ambalo msomaji wa lugha nyingi atalipenda mara moja: wahusika hawaelewani wote. Vibendera vidogo kwenye viputo vya maneno vinaonyesha nani anazungumza lugha gani, kwa hiyo wewe unaelewa mazungumzo yote huku wao wakipishana. Mmoja analazimika kuwa mkalimani, na anayeelewa kila mtu anageuka kuwa mtu wa maana kuliko mwenye bunduki. Mtu aliyekulia kati ya lugha mbili au tatu anaijua hali hiyo bila kufafanuliwa.

Uamuzi wangu: anayesoma kwa ajili ya mawazo na mazungumzo apewe Digger, anayesoma kwa macho, anayeweza kukaa na ukurasa mmoja akitazama ukungu, apewe Stand Still. Stay Silent. Kwa hii ya pili, mwambie kabisa kwamba ina safari mbili, na kwamba ya kwanza inatosha kusimama peke yake, maana mwisho wa ile ya pili huwaacha baadhi ya wasomaji wakitamani zaidi.

Katika zinazoendelea, Girl Genius na Gunnerkrigg Court zinafaa kulinganishwa kwa sababu zote zina msichana anayeingia mahali pasipo pa kawaida, na zote zina mashine. Girl Genius ni kelele na rangi. Kurasa zimejaa vitu, wanasayansi wenye wazimu wanatawala Ulaya ya kubuni, na Agatha anagundua kipaji ambacho wengine walitaka akisahau. Ilianza kama kijitabu cha karatasi mwaka 2001, wasanii wakaihamishia mtandaoni 2005 wakitoa kurasa bure, na ikachukua Hugo tatu za kwanza za hadithi ya picha, 2009, 2010 na 2011. Baada ya hapo wenyewe wakajiweka pembeni mwaka uliofuata ili wengine nao wapate nafasi, na ndio mwaka Digger iliposhinda. Kitendo hicho kilinifanya niwaheshimu zaidi.

Gunnerkrigg Court ni ya Mwingereza mmoja, na ni ya taratibu. Antimony anahamia shule kubwa kama mji, anagundua kwamba ana kivuli cha pili, na anaunda roboti kukivusha kivuli hicho daraja kuelekea msituni kwao. Sura hiyo ya kwanza ni fupi na inaishia vizuri. Michoro ya mwanzo ni ya mtu anayejifunza. Unapoisoma unauona mkono ukikomaa sura kwa sura. Kati ya hizi mbili nachagua Gunnerkrigg Court, kwa sababu imegawanywa katika sura zenye mwanzo na mwisho. Unaweza kusimama baada ya sura yoyote bila kuhisi umekatwa katikati ya sentensi. Girl Genius inakwenda mbio bila kituo, na ukichelewa kuirudia utahitaji kurudi nyuma mbali.

Questionable Content ni maisha ya marafiki, kazi, mapenzi na roboti wanaoishi kati ya watu kama majirani. Imeshavuka vipande 5,000. Hata ukisoma mia kila siku, ni zaidi ya mwezi na nusu kufika leo. Nampa mtu anayetaka kitu cha kuishi nacho muda mrefu, si mtu anayeonja. The Order of the Stick nayo ni ya watu wa vijiti, inaanza kwa utani juu ya kanuni za michezo ya mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika, na polepole inakuwa hadithi nzito ya ujasiri na usaliti. Mwaka 2012 wasomaji wake walichanga zaidi ya dola milioni 1.25 ili vitabu vyake vichapishwe tena. Asiyejua michezo ile atapotea mwanzoni, avumilie.

Kidole gumba au ukurasa mzima

Hili halizungumzwi vya kutosha na kwangu ni muhimu kuliko aina ya hadithi. Katuni ya ukurasa inaonekana yote kwa pamoja kabla hujaanza kuisoma. Jicho linachungulia kisanduku cha mwisho hata kama hulitaki, na msanii mzuri anajua hivyo. Anauficha mshtuko kwenye ukurasa unaofuata. Ukubwa wa kisanduku ndio sauti yake: kikubwa kinapiga kelele, vidogo vingi vinaharakisha. Kwenye simu ukurasa huo unasinyaa, unalazimika kuuvuta na kuusogeza, na mpangilio wote unavunjika.

Katuni ya kuteremka chini, iliyokuzwa Korea Kusini, inafanya kazi kwa njia nyingine. Mwaka 2000 Scott McCloud, mchoraji Mmarekani anayeandika vitabu juu ya sanaa ya katuni, alikuwa akieleza kwamba skrini si ukurasa bali ni dirisha, na picha inaweza kuenea bila kikomo kuelekea upande wowote. Wakorea ndio walioligeuza wazo la aina hiyo kuwa kazi ya kila siku kwa mamilioni ya wasomaji. Hapa nafasi tupu kati ya picha ndiyo muda. Mhusika akinyamaza, weupe unarefuka na kidole chako kinapita katika ukimya huo. Mtu akianguka kutoka juu ya jengo, anaanguka kweli, kwa sababu wewe unashuka naye. Kisichowezekana ni picha pana ya vita au mandhari ya bonde, maana skrini ni nyembamba. Angalia wasanii wazuri wanavyolikwepa hilo: wanakata pana iwe ndefu, wanaonyesha bonde kutoka juu kwenda chini.

Kwa hiyo anayesoma kwa simu akiwa safarini apewe ya kuteremka chini, hata kama unaipenda zaidi ile ya kurasa. Ukimpa Girl Genius kwenye simu ndogo unamwonyesha mchoro ulioharibika. Na za mkupuo mmoja hupita popote.

Katika za kuteremka chini, mbili zinazotajwa sana ni Lore Olympus na Tower of God. Lore Olympus ya Rachel Smythe wa New Zealand (2018 hadi 2024) inasimulia upya mapenzi ya Hadesi na Persefone, miungu wa Wagiriki wa kale, kwa rangi kali, kila mungu na rangi yake, na ilishinda Eisner, tuzo kubwa ya katuni ya Marekani, katika kipengele cha katuni ya mtandaoni mwaka 2022 na 2023. Ndani yake kuna ubakaji na athari zake. Mwambie mtu mapema. Tower of God ya msanii wa Kikorea anayejiita SIU ilianza 2010: kijana anaingia mnara wenye majaribio katika kila ghorofa akimfuata rafiki yake pekee. Michoro ya mwanzo ni mibichi, na kanuni za mnara ni nyingi. Kwa asiyewahi kusoma aina hii, Lore Olympus inashika haraka zaidi. Kwa anayependa mashindano na mafumbo yanayojengwa kwa miaka, Tower of God haina mpinzani wa karibu.

Mahali pa kusomea

Webtoon ni ya kampuni ya Naver ya Korea Kusini. Huko ilianza 2004, na toleo la Kiingereza likafunguliwa 2014. Ndani yake kuna hadithi zinazolipiwa na kampuni, kila moja na siku yake ya wiki, na kuna upande uitwao Canvas ambako mtu yeyote anaweza kuweka kazi yake. Sura mpya husomwa bure ukisubiri. Asiyetaka kusubiri hununua sarafu za humo humo za kufungulia sura. Tahadhari: hadithi nyingi zikikamilika hufungwa nyuma ya mpango wa sura chache kwa siku, kwa hiyo iliyo wazi leo isome leo. Tapas, iliyoanza 2012 Marekani na kununuliwa na Kakao ya Korea mwaka 2021, ina mtindo unaofanana na huo. Manga Plus ya kampuni ya Shueisha ya Japani ilifunguliwa Januari 2019, na inatoa bure sura za kwanza na za karibuni za hadithi zake kubwa, sura mpya zikitoka sambamba na Japani. Kule kurasa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Kati ya hizo naanza na Webtoon kwa anayetaka kuonja vingi, na Manga Plus kwa anayejua tayari anachokifuata. Lakini ninayoipenda kuliko zote ni tovuti ya msanii mwenyewe. Hakuna sarafu, hakuna kufungiwa, na mara nyingi chini ya ukurasa msanii ameandika neno juu ya alivyoichora.

Ubaya wa tovuti binafsi na hata majukwaa ni kwamba hufa. Smack Jeeves, iliyohifadhi maelfu ya katuni, ilifungwa mwishoni mwa 2020. Mwezi huo huo Flash, teknolojia iliyoendesha michezo na picha zinazosogea kwenye tovuti, ilisitishwa, na Homestuck ya Andrew Hussie (2009 hadi 2016), yenye kurasa zaidi ya 8,000 zilizochanganya picha, michezo na muziki, ikaharibikiwa sehemu zake zilizotegemea teknolojia hiyo. Mashabiki walikusanya yote katika programu ya kupakua iitwayo The Unofficial Homestuck Collection, na kwa sasa hiyo ndiyo njia ninayompa mtu.

Njia za kugundua

Mfumo wa mapendekezo wa jukwaa unakuletea kilichosomwa na wengi. Unafaa ukiwa huna pa kuanzia, ila ukisoma hadithi moja ya malkia aliyezaliwa upya utaletewa arobaini zinazofanana nayo. Tuzo zinachuja kwa kina zaidi: Ignatz imekuwa na kipengele cha katuni za mtandaoni tangu 2001, Eisner ina cha kidijitali tangu 2005 na cha katuni za mtandaoni tangu 2017. Soma orodha ya walioteuliwa, si ya washindi tu. Hapo ndipo kazi za kipekee hujificha. Vikundi vya wasanii kama Hiveworks na SpiderForest vinaweka katuni zao pamoja, na ladha ya kikundi huwa na mwelekeo unaoujua baada ya kusoma mbili.

Iliyonifaa kuliko zote ni kufuata viungo vya wasanii. Chukua katuni moja uliyoipenda kweli, tafuta ukurasa ambao msanii ametaja anazosoma yeye, ufuate. Mchoraji anaona ustadi ambao mfumo wa kompyuta hauwezi kuupima, na kwa kawaida hatamtaja mtu asiyemheshimu.

Ukishakuwa na nyingi unazofuatilia, usitegemee kumbukumbu. Mlisho wa RSS unakuletea kila ukurasa mpya bila kuzunguka tovuti kumi. Tovuti iitwayo Piperka inafanya zaidi: inakumbuka ulipoishia katika kila katuni na kukuonyesha kurasa ngapi zimeongezeka. Kwa msomaji wa hadithi ndefu naipendelea Piperka. Kwa msomaji wa za mkupuo mmoja RSS inatosha.

Unapompa mwingine

Muulize kwanza mambo matatu: anasoma kwa simu au kompyuta, ana dakika ngapi kwa wakati mmoja, na je, anavumilia hadithi isiyo na mwisho bado. Kisha mpe kiungo cha ukurasa wa kuanzia, si cha ukurasa wa mbele. Kwa Gunnerkrigg Court ni sura ya kwanza. Kwa xkcd ni namba moja unayojua itamgusa. Mtaje msanii. Mweleze yaliyomo mazito bila kumkatia uhondo. Na tuma kiungo badala ya picha uliyoikata, kwa sababu msanii anaishi kwa wanaofika kwake: vitabu, matangazo, na michango ya kila mwezi kupitia Patreon, iliyoanza 2013.

Kwa watoto sina ushindani wa kuonyesha. Pepper&Carrot ya Mfaransa David Revoy, iliyoanza 2014, ni ya mchawi mdogo na paka wake, na karibu kila kipande kinasimama peke yake. Rangi zake ni za mchoraji hodari, anayetumia programu huria za kuchorea kama Krita. Leseni yake inaruhusu kunakili, kuchapisha na kutafsiri kwa masharti ya kumtaja aliyeitengeneza, na faili zake za asili ziko wazi kwa yeyote kupakua. Watu wa kujitolea wameshaitafsiri katika lugha nyingi, na menyu ya lugha iko juu ya ukurasa. Mzazi au mwalimu anayejua kuandika vizuri anaweza kupakua kipande kimoja, kujaza viputo kwa lugha ya darasa lake na kukichapisha bila kuomba ruhusa. Aanze na kipande cha sita, mashindano ya dawa za kichawi: kina mwisho ambao watoto wataomba kurudiwa.